GTX 660 ya zamani kwenye PC mpya: feni zinazunguka, monita nyeusi tii. Msaada wakuu

Nyakato_Kid

Wakuu habari za usiku, naombeni msaada maana leo siku ya tatu nimekaa chini na hii mashine bisibisi mkononi mpaka mama ananiuliza kama nimeacha kazi. Iko hivi, nimejichangachanga toka mwaka jana nikajenga desktopu mpya, prosesa i5-12400F, mazabodi ya H610, RAM GB 16 za DDR4, diski ya NVMe ya GB 500 na pawa saplai mpya ya wati 550, hela ikaishia hapo. Kadi ya grafiksi mpya bei sijaifikia. Nikasema si mbaya, kwenye PC yangu ya zamani nina GTX 660 ya GB 2, nimeitumia miaka na miaka haijawahi kunisumbua, nikaichomoa nikaihamishia huku nisukume nayo miezi miwili mitatu.

Sasa nikiwasha, feni zote zinazunguka mpaka ya kadi yenyewe, taa zinawaka, ila monita inaandika kwamba haipokei kitu halafu inalala. Kwenye mazabodi kuna vitaa vinne vidogo vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Cha CPU kinawaka kinazima, cha DRAM hivyohivyo, kikifika cha VGA kinabaki kinaniangalia tu.

Nilichojaribu mpaka sasa: nimebadili waya wa HDMI, nimejaribu DVI, nimebeba mashine mpaka sebuleni nikaichomeka kwenye TV watu wakiangalia taarifa ya habari (sitarudia), nimechomoa kadi na kuirudisha kama mara kumi. Jioni nikaenda nayo stationery ya mama ambako ile PC ya zamani ndiyo inapiga kazi za kuprinti, nikaichomeka kule, picha hiyoooo ndani ya sekunde tano. Kwa hiyo kadi nzima, mashine sijui.

Nimempigia jamaa wa dukani nilikonunua mazabodi anasema kadi ni PCIe 3 (hayo ni matoleo ya njia ya kuunganisha kadi na mazabodi) na sloti ni PCIe 4 kwa hiyo haviongei, niongeze laki nne na nusu anipe kadi mpya. Ni kweli haviongei? Au ananipiga?

Mzee_wa_Raba

Mkuu toa RAM, chukua raba ya penseli ile nyeupe, futa hivyo vimeno vya dhahabu taratibu, pangusa na kitambaa, rudisha. Nimetengeneza mashine zaidi ya 100 kwa raba tu.

dom_gamer

Mkuu kwanza kabla ya yote, huo waya wa HDMI unaichomeka wapi, pale juu karibu na USB au chini kwenye kadi yenyewe? Maana prosesa yako ina F mwishoni, hizo za F hazina grafiksi ndani, ukichomeka pale juu kwenye mazabodi hutapata picha hata ukeshe. Pili hiyo 660 ina mdomo wa pini 6 wa umeme, umeuchomeka? Tatu jamaa wa dukani anakupiga, PCIe inarudi nyuma, kadi ya 3 inakaa kwenye sloti ya 4 au ya 5 bila tatizo, inakimbia tu kwa spidi yake ya 3.

Nyakato_Kid

@Mzee_wa_Raba RAM ni mpya mzee wangu, zimetoka kwenye boksi juzi, ila nimefuta hivyohivyo kwa heshima yako. Hali ileile.

@dom_gamer waya uko kwenye kadi. Pini 6 nimechomeka, ule waya wa pawa saplai ulioandikwa PCI-E wenye 6 na vipini 2 vya pembeni, hivyo viwili nimeviacha vinaning'inia. Asante kwa hilo la dukani, roho imetulia kidogo.

Kaka_Mkubwa88

Hiyo kadi ni ya 2012 dogo, solda imechoka. Ivue feni na hitisinki, itie kwenye oveni dakika 8 moto wa 200, ikipoa rudisha. Mimi niliwahi kufufua moja hivyo ikapiga kazi wiki mbili.

Darajani_PC

Yakhe usimpoteze kijana wa watu. Kadi kashasema kule kwengine inatoa picha, sasa akaoke kitu kizima kwa nini? Na wiki mbili ndo kufufua huko? Oveni yenyewe ndo ya kuokea mkate wa mama, ule moshi wa solda na plastiki utamlisha nani.

Kaka_Mkubwa88

Nilikuwa natoa uzoefu tu sheikh, usipaniki.

Bwana_Soketi

Nyakato, acha kuchomoa chomoa hiyo kadi utaua sloti bure. Soma hapa taratibu, ni ndefu kidogo ila tatizo lako nalijua kwa jina.

Kadi haijafa, na mazabodi haijafa. Zimekutana wakati hazina lugha moja ya kuamkiana. Kompyuta ikiwashwa, kabla Windows haijafika, kabla draiva yoyote haijapakiwa, nani anachora ile nembo ya mwanzo na menyu ya BIOS, yani ya setingi za mazabodi, kwenye skrini? Ni kiprogramu kidogo kinachoishi ndani ya kadi yenyewe, kwenye kichipu chake, wanakiita vBIOS. Mazabodi inakisoma na kukiendesha. Sasa zamani hicho kiprogramu kiliandikwa kwa mtindo wa BIOS ya kale, ule wa tangu enzi za akina XP. Baadaye ikaja UEFI, mrithi wa hiyo BIOS ya kale, nayo inataka kadi iwe na kipande kingine kinaitwa GOP. Kadi isiyo na GOP kwa UEFI tupu ni sawa na mtu hayupo. Umeme inapata, feni inazunguka, lakini hakuna anayejua namna ya kumwambia chora hapa.

Kwa nini kule stationery inafanya kazi? Ile PC yako ya zamani bila shaka ni ya enzi hizohizo, pengine i5 ya kizazi cha pili au cha tatu, na mazabodi za wakati ule zilikuwa na mkalimani ndani, anaitwa CSM, kawashwa tangu kiwandani. Anasoma vBIOS ya kale na maisha yanaendelea. Kwenye bodi mpya huyo mkalimani ama amezimwa toka kiwandani ama hayupo kabisa. Intel walishasema tangu 2017 kwamba ikifika 2020 wanataka kuachana naye. Ukitaka Windows 11 inayotaka UEFI na uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zilizothibitishwa tu wakati wa kuwaka), bodi inakuja na CSM imezimwa, ndiyo kawaida.

Na hiyo GTX 660 imezaliwa pabaya kweli. Ilitoka Septemba 2012, Windows 8 ikatoka Oktoba 2012, na Windows 8 ndiyo iliyowasukuma watengenezaji waanze kuweka GOP kwenye kadi. Kwa hiyo 660 zipo za aina mbili mtaani, zenye GOP na zisizo nayo, boksi lilelile feni ileile. Ukienda nyuma zaidi kwenye familia ya 500 huko karibu zote hazina. Ukija mbele kwenye 750 Ti na familia ya 900 mara nyingi upo salama.

Uhakikishe kabla hujaniamini. Rudi stationery, chomeka kadi kule, pakua GPU-Z, ni kiprogramu kidogo cha bure. Ikifunguka angalia mstari wa BIOS Version, mwisho wake upande wa kulia kuna kisanduku kidogo kimeandikwa UEFI. Kikiwa na tiki nimekosea. Kikiwa kitupu basi tumemaliza utafiti. Piga picha ulete hapa.

Otis_wa_Pipeline

Buda pole sana, na mimi nilipitia kitu kama hiyo huku Nairobi ila yangu ilikuwa tofauti kidogo, naweka hapa juu kuna mtu atakuja kusoma na shida yake iwe hii. Nilikuwa na kadi ya familia ya 900, monita mpya natumia DisplayPort, nikiwasha ni giza, giza, giza, halafu Windows ikishaingia picha inakuja yenyewe. Hiyo haikuwa mambo ya CSM. Ni kadi haikuwa inaelewana na monita za DisplayPort 1.3 na 1.4 wakati wa kuwaka, na kuna programu ya kuapdeti fimwea ya kadi ilitolewa 2018 ya kumaliza hiyo maneno. Nilitumia HDMI siku hiyo ndio nikaweza kuona, nikairun, kwisha. Kwa hiyo ukiwa na DisplayPort anza na kubadilisha waya kabla ulie.

Nyakato_Kid

@Bwana_Soketi kiongozi nimerudi. Kisanduku KITUPU. Nimekaa nakiangalia kama dakika nzima. PC ya zamani ni i5-3470 kama ulivyobashiri, kizazi cha tatu.

Sasa nimesoma mtandaoni wanasema niingie BIOS ya mashine mpya niwashe CSM. Sawa. Naingiaje BIOS wakati sioni kitu?? Prosesa ya F haina picha yake, kadi ndiyo hiyo haitoi picha mpaka CSM iwashwe, na CSM siwezi kuiwasha mpaka nione picha. Yani ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Nimejaribu kubonyeza Delete kwa kubahatisha halafu mishale chini chini kulia nikifuata video ya mtu YouTube mwenye bodi nyingine, sijui nimebadilisha nini humo ndani sasa hivi naogopa hata kuiwasha.

dom_gamer

😂😂 umepiga BIOS kwa upofu, wewe ni mwanaume

Bwana_Soketi

Usiogope, hujaua kitu. Zima, chomoa waya wa ukutani kabisa, ondoa kale kabetri ka duara kama sarafu kwenye mazabodi, kaa dakika kumi, rudisha. Setingi zote zinarudi za kiwandani, na uliyoyabonyeza gizani yamefutika.

Sasa tafuta ufunguo wa pili. Unahitaji kuazima kwa nusu saa kadi yoyote yenye GOP, yoyote, haijalishi uwezo. GT 710, GT 1030, 750 Ti, hata iwe ile fupi haina waya wa umeme. Mafundi wengi wanazo droo limejaa. Ichomeke, ingia BIOS kwa Delete, halafu fanya kwa mpangilio huu kwa sababu ukigeuza haitakubali:

Anza na Secure Boot, izime. Kwenye bodi nyingi Secure Boot ikiwa hai ile CSM inakuwa ya kijivu hata ukibonyeza haiguswi, watu wengi wanakata tamaa hapo wakidhani bodi yao haina. Ukishazima, hifadhi, iache iwake upya, rudi ndani tena, sasa tafuta CSM kwenye Boot au Advanced, iwashe. Chini yake kunaweza kutokea vimistari vipya, kimoja cha Video, hicho weka Legacy. Cha Storage ACHA kwenye UEFI, narudia acha, maana Windows kwenye NVMe inasimikwa kwa UEFI, ukigeuza na hicho utakuja hapa kulia kwamba Windows imepotea. Kwenye orodha ya kuwaka ya kwanza iwe Windows Boot Manager. Hifadhi, zima kabisa, chomoa umeme, ondoa kadi ya kuazima, weka 660.

Tahadhari moja. Kuna bodi mpya hazina CSM kabisa, au zinaificha kama prosesa ina grafiksi ndani. Wewe una F, kwa hapo ndiyo ikawa bahati. Lakini ukikuta hakuna neno CSM popote, usivunje meza, kuna njia nyingine nitakwambia.

Mzee_wa_Raba

Mimi nilisema raba lakini haya nayo ni maarifa. Nimehifadhi.

Nyakato_Kid

Wakuuuuu.

Nimepata GT 710 kwa dada mmoja ana cyber hapo karibu na stendi, amenipa kwa sharti moja kwamba kesho saa nne asubuhi iwe imerudi kwenye mashine namba 6 wateja wasije wakakuta pengo. Nimeichomeka, picha imekuja mara moja, nimekaribia kulia jamani baada ya siku nne ndiyo naiona nembo ya bodi yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, sikuwa hata najua ina rangi gani.

Windows 11 niliisimika hapohapo na hiyo 710 kwa sababu flashi nilikuwa nayo tayari. Halafu nikarudi BIOS. CSM kweli ilikuwa ya kijivu, kiongozi bila maelezo yako ningeishia pale, nikazima Secure Boot nikahifadhi nikarudi ikawa nyeupe. Nikawasha. Video Legacy. Storage sikuigusa, mkono ulikuwa unatetemeka. Nikazima, nikarudisha 660, nikawasha, kitaa cha VGA kikawaka... kikakaa kama sekunde tatu hivi nikasema basi tena... kikazima. Picha!! Nimepiga kelele mpaka jirani amegonga ukuta.

Ila sasa kuna kitu kingine. Ndani ya Windows picha imevimba, maandishi makubwa kama ya mtoto wa chekechea, haiendi juu ya 1024 kwa 768, na kwenye Device Manager inaandika tu Microsoft Basic Display Adapter. Nimepakua draiva mpya kabisa ya Nvidia, mia tano na kitu huko, inagoma inasema haioni kadi inayoendana. GB karibu moja ya bando imeenda hivyo naangalia.

dom_gamer

Pole na bando. Draiva mpya hazina 660 ndani mkuu, kadi zote za ukoo wa Kepler, yani nyingi za 600 na za 700, waliziacha. Mwisho wake ni tawi la 470. Nenda ukurasa wa draiva, chagua mwenyewe kwa mkono GeForce 600 Series, GTX 660, Windows 11, itakuletea yenyewe ya mwisho inayokufaa. Usitumie kile kitufe cha kutafuta draiva mpya zaidi. Apdeti za gemu za hizo kadi ziliisha 2021, zikabaki za usalama tu mpaka Septemba 2024, kwa hiyo ukishaiweka hiyo umeweka, hakuna mpya inakuja.

Na hata hiyo 710 ya dada wa cyber ni Kepler vilevile, draiva ni hiyohiyo.

Nyakato_Kid

Imekubali. 1920 kwa 1080 safi kabisa. Nimejaribu GTA V ile ya zamani ya 2015, inaenda vizuri kuliko kwenye PC ya zamani, sijui ni prosesa.

dom_gamer

Lazima iende, 660 ya GB 2 ndiyo kadi waliyoandika wenyewe kwenye mahitaji yanayopendekezwa ya ile gemu ilipotoka. Prosesa ya zamani ndiyo ilikuwa inaivuta shati.

Nyakato_Kid

Sasa swali la mwisho wakuu msinichoke. Mdogo wangu anacheza Valorant, nimemwekea, inakataa kufunguka inalalamikia Secure Boot. Nikiwasha Secure Boot CSM inajizima na kadi inarudi gizani. Na la pili, hiyo setingi ikipotea je? Umeme wa huku unaujua, na kabetri siku kakifa BIOS inarudi ya kiwandani, si nitarudi tena kwa dada wa cyber kupiga magoti?

Bwana_Soketi

Hapo ndiyo nilikuwa nakusubiri. Kukatika umeme tu hakufuti setingi, kabetri ndiko kanakozishika, na kakiwa kapya kanaenda miaka. Lakini kakifa, au ukiapdeti BIOS ya mazabodi, ndiyo, unarudi gizani. Na Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) pamoja na Secure Boot, hiyo haina mjadala, CSM na Secure Boot haziishi nyumba moja.

Dawa yenyewe ni kuifundisha kadi lugha mpya badala ya kuweka mkalimani. Watengenezaji kadhaa wa kadi walitoa vBIOS mpya zenye GOP kwa 600 zao enzi zile za Windows 8. Geuza kadi, nyuma kuna stika, soma jina kamili la modeli mpaka herufi za mwisho na namba ya toleo. Ingia kwenye tovuti ya waliotengeneza hiyo kadi, siyo Nvidia, wale ambao nembo yao ipo kwenye feni, tafuta ukurasa wa modeli hiyo, angalia kama kuna BIOS imeandikwa UEFI. Ikiwepo una bahati. Isipokuwepo baki na CSM yako na umwambie dogo acheze gemu nyingine, kwa sababu sitaki uchukue vBIOS ya kampuni nyingine eti kwa vile nayo ni 660. Saketi ya umeme inaweza kuwa tofauti, chipu za memori zinaweza kuwa za kampuni tofauti, utaishia na chengachenga kwenye skrini au kadi ya kushikia karatasi zisipeperuke.

Ikiwepo, kazi ya kuiandika kwenye kadi, yani kuflashi, usiifanyie kwenye mashine mpya. Ifanyie kule STATIONERY. Sababu yenyewe ni kwamba i5-3470 ina grafiksi yake ndani. Kuflashi kukiharibika katikati, unachomeka waya kwenye mazabodi, unaona picha, unairudishia kadi vBIOS yake ya zamani. Kwenye mashine mpya ya F ikiharibika unakuwa kipofu tena na safari hii hata CSM haikusaidii.

Kwanza kabisa kabla ya kugusa, fungua GPU-Z, pembeni ya BIOS Version kuna kamshale, bonyeza, chagua kuhifadhi kwenye faili. Hiyo faili itume kwenye barua pepe yako, iweke kwenye simu, iweke kwenye flashi. Hiyo ndiyo roho ya kadi. Halafu tumia programu waliyoitoa wao, wengi wanaweka faili moja tu unabonyeza mara mbili, kwa ndani ni nvflash, programu ya kuandika vBIOS kwenye kadi za Nvidia. Na tafadhali kule stationery kuna UPS? Kama haipo subiri siku umeme umetulia, wala usifanye wakati photokopi inapiga kazi kwenye soketi hiyohiyo.

Darajani_PC

Soketi umesema vizuri, niongezee moja. Kabla hujaflashi futa vumbi na ubadili ile pesti ya joto kati ya chipu na hitisinki. Kadi ya 2012 pesti yake imekauka imekuwa kama chaki. Yangu ilikuwa inafika digrii 88 kwenye gemu, nilipobadili ikashuka mpaka 70 na kitu. Skrubu nne tu za nyuma, ila zifungue kwa kukata msalaba, usimalize upande mmoja.

Kaka_Mkubwa88

Na oveni isihusike 😅

Nyakato_Kid

Mrejesho, samahani nimechelewa, wiki mbili nilikuwa safarini Bukoba.

Modeli yangu ilikuwepo kwenye tovuti yao, faili ndogo haifiki hata MB moja, tarehe ya 2013, bado ipo pale sijui nani mwingine huwa anaipakua. Nilihifadhi ile ya zamani sehemu tatu kama ulivyosema. Jumapili jioni stationery imefungwa, photokopi imezimwa, UPS ya mama inalia lia lakini ipo, nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi sekunde kama kumi, hizo sekunde kumi nimezeeka. Ikarudi, ikaniambia niwashe upya. Nikafungua GPU-Z, kisanduku kina tiki.

Nimerudi nayo nyumbani, nikazima CSM nikiwa bado naona picha, nikahifadhi, ikawaka. Nikawasha Secure Boot, ikawaka. Halafu nikatoa kabetri makusudi kabisa nikakaa dakika kumi nikarudisha ili nijue mbivu na mbichi, ikawaka na picha tangu nembo ya kwanza. Valorant imefunguka, dogo ameshanifukuza kwenye kiti.

Pesti nayo nimebadili, ya zamani ilikuwa chaki kweli, niliikwangua kwa kadi ya simu. Jamaa wa dukani nilimpigia kumwambia PCIe 3 na 4 zimepatana, amesema labda kadi yangu ni ya pekee.

dom_gamer

Na 710 ya dada ulirudisha saa nne?

Nyakato_Kid

Saa tano kasoro. Mashine namba 6 nilikuta ameshaibandika karatasi imeandikwa MBOVU, nikakaa pale nikairudishia mwenyewe na nikamfutia RAM kwa raba bure.

Mzee_wa_Raba

Safi sana kijana.